Mwalimu na Sajenti wa Kabul

Mwaka 2013 nilikuwa nashika zamu kwenye intaneti kafe moja pale Mwanga, mjini Kigoma. Mkoa ulikuwa bado haujaungwa kwenye gridi ya Taifa, umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, na ukikatika mteja anakudai dakika zake kana kwamba wewe ndiye uliyeuzima. Tulipata watu wa kila namna: Wakongo walioshukia Kibirizi na mizigo yao, wakitaka kuwaandikia ndugu zao Ubelgiji, vijana wa mashirika yanayohudumia wakimbizi, wanafunzi wa kuangalia matokeo. Na Mwalimu.

Alinifundisha darasa la nne, kwa hiyo hata nikiwa na ndevu zangu nilimwamkia huku nimesimama. Mumewe alishafariki, watoto wako Mwanza na Dar. Mpwa wake alimfungulia Facebook, humo akapatikana Sajenti, aliyejitambulisha kama askari wa Marekani aliyeko vitani Kabul, na haukupita muda Sajenti akaomba wahamie kwenye barua pepe, eti huko kuna faragha zaidi. Basi kila Jumamosi Mwalimu anakuja na mkoba wake, nampigia chapa barua, anaziingiza kwenye faili la kijani, anaenda kuzisoma nyumbani na kamusi. Sikuzisoma. Niliona tu kwamba alianza kusuka nywele, nikafurahi kimyakimya.

Siku moja akaja katikati ya wiki na kadi yake ya kupigia kura na slipu ya mshahara. Anataka niziskani, zitumwe kwa kampuni ya vifurushi. Hapo ilibidi nisome. Barua ilisema sanduku kutoka Kabul limefika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam: simu, mikufu, viatu, na bahasha yenye dola 40,000 ambazo Sajenti anamwomba amtunzie mpaka amalize vita. Ila limezuiwa na forodha. Litoke, inatakiwa Sh 1,850,000, zitumwe kwa simu leo au kesho, vinginevyo kuna faini ya kila siku. Namba ya kupokelea ilikuwa ya mtu, jina la mtu. Anwani ya kampuni yenyewe ni zile za bure, ambazo hata mimi ningeweza kufungua palepale mezani.

"Fedha tunatoa wapi, Mwalimu?" nikauliza kwa upole.

"Nitaazima kwenye kikoba. Si mimi mweka hazina?"

Nguvu ziliniisha. Fedha za kikoba kile zilikuwa za akina mama wanaouza dagaa na mawese, wengine nawafahamu kwa sura. Lakini sikutamka neno tapeli. Kafe hiyohiyo nilishashuhudia mtu mzima, mwanamume, akiambiwa mbele za watu kwamba mchumba wake wa mtandaoni ni mwongo. Alikasirika, akalipa dakika zake, akahamia kafe nyingine akaendelea kutuma hela. Mtu wa hivyo ukimvamia, anayemkimbia ni wewe, si yule anayemwibia. Na huyu ni mwalimu wangu. Nitaanzaje kumwambia habari za mapenzi yake?

Nikamwambia skana imegoma, arudi jioni, na aje na barua zote ili tuziambatanishe. Akarudi na faili la kijani. Tajiri hakuwepo, nikavuta viti viwili, nikatandaza karatasi mezani chini ya taa.

"Mwalimu, hebu nisaidie. Mbona jina lako lina herufi kubwa kuliko maneno mengine?"

Akavaa miwani. Kweli: barua nzima ina mwandiko mmoja, mwembamba, halafu pale kwenye jina lake herufi zinanenepa, mara mbili tatu katika ukurasa, halafu zinarudi kukonda. Jina lilikuwa limepachikwa. Mwalimu hakusema kitu. Akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu, akalizungushia. Akavuta karatasi ya pili, akazungushia. Nikamwona anabadilika usoni; hakuwa tena mama mwenye barua za mchumba, alikuwa yule wa darasa la nne mwenye rundo la madaftari, anayejua nani kaketi karibu na nani. Binti wa Sajenti, aliyeko shule ya bweni, alikuwa na miaka tisa kwenye barua moja, na miaka 12 kwenye barua ya mwezi uliofuata. Akapigia mstari. Karatasi ya nne au ya tano, katikati ya sentensi ndefu ya mahaba, pakawa na "mpenzi wangu Rosemary".

Mwalimu si Rosemary.

Nikachukua sentensi ile, nikaifunga kwa alama za mtajo, nikaitafuta Google. Ikaja neno kwa neno, imeshatumwa kwa wanawake wa nchi nyingine. Picha nayo nikaipakia itafutwe. Mtandao ulijikokota, lakini ulileta uso uleule wenye jina jingine. Nikamweleza kwamba mwenye sura huenda ni mwanajeshi wa kweli, naye kaibiwa tu picha zake. Nikamweleza pia kuwa askari wa Marekani halipi fedha ili apewe likizo, na anwani zao za kikazi huishia na .mil. Huyu wetu alikuwa Yahoo, "kwa sababu za kiusalama".

"Amenakili," Mwalimu akasema. "Na hata kunakili ni mvivu."

Halafu, huku anapanga karatasi, akatoboa kwamba alishatuma dola 150, za kumlipia Sajenti intaneti ya kambini. Mpokeaji alikuwa Malaysia. Aliambiwa ni msaidizi wa kikosi. Nikapendekeza twende polisi.

"Pale kituoni? Nusu yao nimewafundisha mimi."

Hatukwenda. Sheria ya Makosa ya Mtandao yenyewe ilikuja 2015, na habari za kuripoti namba ya tapeli kwa kuituma 15040 wakati ule hatukuwa nazo. Tulibadilisha nywila yake, tukamzuia Sajenti. Mwalimu alitaka kwanza amrudishie barua zake zikiwa na alama, mbili kwa hamsini. Nikamsihi asijibu lolote, maana ukijibu, hata kwa matusi, wanajua upo na unasoma.

Wakala wa sanduku lakini alikuwa na namba ya simu ya Mwalimu. Akapiga keshoye, Mwalimu akiwa dukani kwa jirani yetu, nikaitwa nisikilize. Alimjibu kwa heshima zote. Akamwambia kodi ya forodha anavyojua ni ya TRA, inalipwa benki na mtu anapewa stakabadhi. Amtajie basi jina la ofisi na namba ya mlango, mwanawe yuko Dar, atafika mwenyewe uwanjani na fedha mkononi. Kule upande wa pili zikasikika "haloo, haloo, mtandao", simu ikakatika. Hakupiga tena.

Kikoba aliwasimulia yeye mwenyewe, kwenye kikao, daftari la hazina likiwa wazi mezani. Sijui alitumia maneno gani. Najua tu kwamba Jumamosi iliyofuata alitokea kafe na mama mmoja muuza migebuka, kajitanda khanga hadi puani.

"Huyu wake ni injinia," Mwalimu akaniambia, anavuta kiti bila kungoja nimkaribishe. "Yuko baharini huko kwenye visima vya mafuta. Ana mtoto mmoja, anasoma bweni. Fungua hiyo barua pepe tuone."