Mombasa hadi Malindi kwa Dau la Vasco da Gama

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa majahazi kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na shemeji yangu anasomesha historia katika shule ya sekondari. Wawili hawa hawawezi kukaa barazani bila kubishana juu ya ile safari ya Mreno Vasco da Gama iliyong'oa nanga Lisbon tarehe 8 Julai 1497 na kufika India kwa kuzunguka Afrika, na kila ubishi unapopamba moto huwekeana dau. Mjomba hataki chochote kinachofanana na kamari, kwa hiyo dau lao halina fedha ndani yake: anayeshindwa humbebea mwenzake mkoba na kukiri kwa sauti mbele ya watu waliopo. Mwishowe walikubaliana kwamba madau yote yaliyorundikana yaamuliwe pale pale mambo yalipotokea, nami nikateuliwa kuwa mwamuzi. Niliweka sharti moja tu, kwamba hoja itapokelewa ikiwa inaonekana kwa macho au ikiwa imeandikwa na watu wa zama zile, na kwamba wa kwanza kusikilizwa ni yule aliyekuwamo safarini. Huyo aliacha shajara isiyo na jina la mwandishi, ambayo wengi huinasibisha na Álvaro Velho, na ambayo nakala yake ya mkono imehifadhiwa katika mji wa Porto. Nilichukua tafsiri yake, tukaondoka.

Tulianzia Mombasa, kwenye kuta za Fort Jesus, mahali ambapo mlango wa bandari ya kale unaonekana wazi. Jambo moja halikuwa na ubishi, ingawa nimewasikia wageni wengi wakilikosea: Vasco da Gama hakuijenga ngome hii. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, wakati yeye alikuwa amekwisha kufa Kochi, India, tangu 1524. Dau lilikuwa juu ya jambo jingine. Shemeji alishikilia kwamba mkuu huyo wa msafara alishuka Mombasa na kupokewa na mfalme, mjomba akasema hakuwahi kukanyaga hata mchanga wake.

Nilisoma kwa sauti. Merikebu zilifika tarehe 7 Aprili 1498, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi, nao Wareno walitumaini kwamba kesho yake wangesali misa nchi kavu pamoja na Wakristo waliodhani wanaishi mjini. Mfalme alipeleka kondoo, machungwa, malimau na miwa. Da Gama alibaki chomboni, akatuma watu wawili tu waende kuutazama mji. Siku tatu baadaye walipojaribu kuingia bandarini, merikebu yake ilikataa kugeuka, nanga zikatupwa kwa haraka, na katika vurugu hiyo marubani waliotoka nao Msumbiji wakajitosa majini. Usiku huo da Gama aliwatesa mateka wawili kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mpaka wakasema kwamba Mombasa imepanga kulipiza kisasi cha yale Wareno waliyoyafanya Msumbiji. Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba somo hili katika vitabu vya shule hupita kwa sentensi moja, na kwamba sentensi hiyo haitoshi. Nakubaliana naye kabisa. Anayehesabu ushujaa wa safari hii na ayahesabu mafuta hayo pia.

Sehemu iliyompendeza mjomba kuliko zote ni ile ya usiku wa manane. Waogeleaji wa Mombasa waliifikia merikebu iliyoitwa Berrio na kuanza kuikata kamba ya nanga. Walinzi walihisi kamba ikitikisika, lakini walidhani ni jodari wanaopita, wakaendelea na zamu yao mpaka walipotambua kuwa ni watu. Mjomba aliegemea ukuta, akatutazamisha mkondo ulivyokuwa ukitoka kwa nguvu mlangoni, akaeleza kwamba chombo kikikatwa kamba hapo maji yakitoka hakiwezi kujiongoza, bali husukumwa kwenye mwamba kabla matanga hayajafunguliwa. "Waliokuja kukata wanaijua bahari yao, mwanangu," aliniambia. Dau lilikuwa lake. Shemeji alikiri kwa sauti mbele ya kundi la wanafunzi waliokuwa wakizunguka ngomeni, akauchukua mkoba.

Njia ya Malindi tuliipita kwa matatu: Nyali, Mtwapa, Kilifi, kisha mashamba ya mkonge na barabara ndefu iliyonyooka. Ndani ya gari nilisoma kipande ambacho wote wawili hawakukitegemea. Tulizoea kusikia kwamba Malindi ilimpokea mgeni kwa ukarimu mtupu, kumbe msafara huo, ukiwa njiani kutoka Mombasa, uliteka chombo kidogo chenye watu 17, miongoni mwao mzee mmoja wa heshima na mkewe, na ndivyo ulivyofika mbele ya Malindi jioni ya tarehe 14 Aprili. Mzee huyo ndiye aliyepelekwa pwani kuzungumza na mfalme. Mfalme alikuwa na sababu zake pia, kwani Mombasa ilikuwa mshindani wake, na mgeni mwenye mizinga si wa kufukuzwa na mtu mwenye hesabu.

Malindi tulikwenda moja kwa moja kwenye mnara wa Vasco da Gama, ulioko kwenye ncha ya mwamba inayoingia baharini. Ni mnara mweupe, mnene chini na mwembamba juu, nao umebeba msalaba wa jiwe wenye nembo ya Ureno. Shemeji alikuwa ameweka dau kwamba wote ni wa mwaka 1498. Mjomba alisema wote ni wa juzi tu. Hapo niliwapa hukumu ya kuwagawanya. Msalaba ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno na ndio sehemu ya kale, lakini huo mwili mweupe unaoushikilia ulijengwa kuuimarisha katika karne ya 19. Hata mahali penyewe si pale pa kwanza, kwa maana nguzo ilisimamishwa mjini karibu na nyumba ya mfalme, ikahamishiwa hapa baadaye. Tena, kwa mujibu wa shajara, haikusimamishwa wakati wa kwenda bali wakati wa kurudi, Januari 1499.

Tulikaa kwenye mwamba huo nikawasomea habari za tarehe 18 Aprili, siku mfalme alipotoka kwa chombo kuonana na mgeni, kwa kuwa da Gama alikataa kushuka hapa pia, akisema bwana wake hakumpa ruhusa. Mfalme alivaa joho la hariri lenye utepe wa kijani, amekaa chini ya mwavuli mwekundu, na pembeni yake palikuwa na wapigaji wa pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa ustadi, kila moja urefu wa mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Mjomba alisimama kabla sijamaliza. "Siwa hizo!" alisema. Na kweli ni siwa, sawa na zile za Pate na Lamu ambazo bado zimehifadhiwa. Mreno aliyeandika hakujua anachokiona, ila alikieleza kwa uaminifu kiasi kwamba msomaji wa pwani anakitambua baada ya zaidi ya miaka 500.

Dau zito lilikuwa la rubani. Shemeji aliapa kwamba aliyemvusha da Gama hadi India ni Ahmad ibn Majid, yule baharia Mwarabu maarufu, mjomba akasema ni mwana wa Malindi. Shajara inasema tu kwamba mfalme alileta rubani Mkristo, baada ya da Gama kumkamata mtumishi wake wa karibu ili kumharakisha. Lakini Wareno wale waliwadhani Wahindu kuwa Wakristo, kwa hiyo neno lao hilo haliaminiki. Mwanahistoria wao João de Barros alimtaja rubani kuwa Mwislamu wa Gujarat. Jina la Ibn Majid lilitoka kwa mwanahistoria al-Nahrawali, aliyeandika Makka miongo kadhaa baadaye, na watafiti wengi wa leo hawalikubali. Niliamua kwamba hakuna aliyeshinda. Wote wawili walinipinga vikali, nami sikubadili, kwa sababu mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote katika safari ile anastahili kutafutwa kwa haki, si kupewa jina linalotupendeza.

La mwisho halikuhitaji kitabu mbele ya nahodha. Shemeji alidhani kuvuka kwenda na kurudi kulichukua muda uleule. Mjomba alicheka, akaonyesha upande upepo wa kusi unakotokea. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikianza, wakaiona India baada ya siku 23. Kurudi walianza kuvuka mapema Oktoba kabla kaskazi haijashika, wakahangaika kwa karibu miezi mitatu, na mabaharia 30 wakafa kwa kiseyeye, hata kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi. Kwa uhaba huo wa watu, mara baada ya kuondoka Malindi waliichoma moto São Rafael na kuendelea na merikebu mbili. Shemeji alisema ilichomwa karibu na Mombasa. Mjomba alisema ni kusini zaidi, upande wa Tanga, kwenye kina kifupi ilikokwama wakati wa kwenda. Nilifungua ukurasa huo, nikampa mjomba dau lake la mwisho, na mkoba ukabaki begani mwa shemeji.