Ndege zilirudi Mei, mimi nimerudi Desemba

Mchagga akikosa nyumbani Krismasi moja, watu huuliza kama anaumwa. Akikosa ya pili, huuliza kama yuko ndani. Mimi nimekosa saba mfululizo.

Niliondoka Marangu Septemba 2017 kwenda kusoma Leipzig, begi moja mkononi na ahadi ya miaka miwili mdomoni. Wazee wa kwetu wanaijua Leipzig kuliko Berlin, maana wamisionari wa Kilutheri walioingia Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa kutoka huko. Nami nikaenda kinyume chao. Tofauti ni kwamba wao, nasikia, walikuwa wakiandika barua nyumbani.

Desemba 2024 tumeshuka Dar es Salaam watu watatu: mimi, mke wangu, na mtoto wetu wa kiume wa miezi ishirini. Mabegi matano. Kigari cha kumsukuma mtoto ambacho kimeishia stoo ya shangazi, kimejaa karanga. Mtoto mwenyewe anasema "nein", yaani hapana, kwa sauti ya afisa forodha, na Kiswahili chake chote kilikuwa "maji", "bado" na "mama njoo".

Safari ya kupanda sitaieleza sana, aliyewahi kupita barabara ile mwezi wa kumi na mbili anaijua. Tulilala usiku mmoja Muheza kwa wakwe, tukarudi Segera, tukaungana na msafara. Kila gari lina godoro juu, kila gari lina jamaa anayerudi na televisheni kubwa kuliko sebule anayoipeleka. Treni ya Dar hadi Moshi imerudi tangu Desemba 2019, na nilitaka tupande hiyo ili mtoto aone njia, lakini mke wangu aliuliza swali moja tu, kuhusu choo na pampasi, nikanyamaza. Mtoto alitapika Mombo. Alitapika tena Same. Tulipokata kona Himo kuanza kupanda mlima, alikuwa amelala amekumbatia chupa tupu ya maji, na hewa ikabadilika dirishani, ile baridi yenye harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni. Mke wangu akasema, "Kumbe ndiyo hii." Nilikuwa nimeisimulia miaka yote mpaka akaichoka.

Baba hakutoka kutupokea.

Shangazi alitoka, wadogo zangu walitoka, majirani walitoka, watoto nisiowajua walitoka na kunibeba mabegi. Baba alikaa kwenye benchi lake chini ya mparachichi. Nikamwendea. "Shikamoo baba." "Marahaba." Basi. Mke wangu akapiga goti, akaitikiwa vizuri, akaulizwa habari za Muheza, za wazazi, za njia. Kisha baba akanyoosha mikono apewe mtoto.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, kwa hiyo hawa wawili ni wajina. Mtoto alipiga kelele kama anachomwa sindano. Baba hakubembeleza wala hakumrudisha. Alimshika vilevile, akilia, kama mtu aliyeshika redio yake mwenyewe. Baada ya robo saa mtoto akachoka, akaanza kuchezea kifungo cha shati lake. Ndipo baba akasema, huku akimtazama mtoto usoni:

"Wajina, mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari jikoni."

Nilidhani ni utani. Kesho yake asubuhi: "Wajina, muulize baba yako kama bado anakunywa chai bila sukari." Mchana: "Wajina, mwambie baba yako asiegeshe gari juu ya viazi vikuu vyangu." Siku nne baba yangu hakunielekezea neno hata moja. Yote yalipita kwa mtoto asiyejua kuongea. Na mtoto alilipenda jukumu lake. Kila akitajwa wajina, alinigeukia na kuninyooshea kidole, kama karani wa mahakama.

Sikuuliza kwa nini. Nilijua.

Mama alifariki wiki ya mwisho ya Aprili 2020. Wakati ule Tanzania ilikuwa imesimamisha ndege za abiria kutoka nje kwa ajili ya korona, na Ujerumani nayo ilikuwa imejifungia. Nilimzika mama kwa simu, nimekaa kwenye kitanda cha hosteli, mdogo wangu ameishika simu yake juu ya vichwa vya watu. Mtandao ukakatika sanduku likishuka. Picha ikaganda mchungaji akiwa ameshika udongo, na nikaitazama picha ile ile iliyoganda kwa dakika tisa, mkono haufunguki.

Baba hakunilaumu kwa hilo. Alinipigia mwenyewe akasema, mwanangu, hata Mungu anaona ndege hazipo. Lakini tarehe 18 Mei ndege ziliruhusiwa tena. Ndege zilirudi. Mimi sikurudi. Kwanza nilisema nimalize mtihani. Kisha kibali cha kuishi kikawa kinangojewa, nikiondoka kitaharibika. Kisha kazi mpya, likizo haijafika. Kisha ndoa, deni la ndoa, mimba, pasipoti ya mtoto. Kila sababu ukiishika peke yake ni ya kweli kabisa. Ukizipanga foleni ndipo unaona aibu.

Jioni ile ya kwanza tulishuka kaburini. Mama yuko chini ya nyumba, katikati ya migomba, ambapo mibuni ilikuwa minene zamani. Kwenye simu vigae vya kaburi vilionekana vya bluu. Miaka minne nimekuwa nikiota kaburi la bluu. Ni vyeupe. Nilisimama pale nikishangaa rangi ya vigae badala ya kulia. Mtoto, ambaye hajui kaburi ni nini, aliona mahali pasafi pa kukaa, akapanda, akakaa, akamalizia biskuti yake. Nikataka kumshusha. Shangazi akasema, "Mwache. Yuko kwa bibi yake."

Siku za kabla ya Krismasi zilikwenda kwa kazi. Watu wa nje hufikiri tunakwenda kula tu. Kuna kuchoma takataka, kupaka chokaa mawe ya njiani, kupika mbege, pombe yetu, siku kadhaa kabla ili ulezi na ndizi vipatane. Wadogo zangu walikata tawi la mti wa Krismasi kwenye ua wa jirani, wakalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, wakatundika baluni na vipande vya pamba viwe theluji. Asubuhi ya tarehe 23 mawingu yalifunguka, Kibo ikatoka nzima, nyeupe juu. Mtoto alikuwa dirishani. Akanyoosha kidole nje: "Schnee!" Kisha akageuka kwenye ndoo, akaichunguza ile pamba, akaing'oa, akaila. Theluji tunayo ya kweli nyuma ya nyumba na bado tunatundika pamba. Miaka yote niliyokulia pale sikuwahi kuliona jambo hilo.

Krismasi yake iliyopita ilikuwa ghorofa ya tatu Leipzig. Tarehe 24 saa nane mchana maduka yamefungwa, barabara kimya, kila mtu kajifungia na watu wake. Tulipika pilau, tukawasha mshumaa, tukapiga simu nyumbani, tukalala saa tatu. Haikuwa mbaya. Ilikuwa kama sikukuu ya watu wengine inayotupita ngazini.

Tarehe 24 hii, jua likizama, shangazi alinikuta nyuma ya nyumba nikipasua kuni. Shangazi ni dada mkubwa wa baba na haongei kwa mafumbo.

"Kesho unataka kula mbuzi wa baba yako na hilo bado liko tumboni?"

Akaenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, yalikopangwa masale, akachuma jani moja. Asiyejua kwetu ataona ni jani tu, refu, la kijani, kama la maua ya hotelini. Isale ndilo jani la kuombea radhi. Ukimpelekea mtu uliyemkosea, akilipokea, hana ruhusa ya kukataa. Shangazi alikuwa na mpango wake. Alilitia jani mkononi mwa mtoto, akamgeuza kuelekea benchi la baba, akamsukuma kidogo mgongoni. "Mpelekee babu."

Mtoto alikwenda hatua sita, nilizihesabu. Hatua ya saba akamwona tetea na vifaranga vyake. Isale likawa fimbo. Akazunguka nalo uwanja mzima akicheka, kuku wanapiga kelele, mke wangu anamkimbilia, wadogo zangu wako hoi kwa kicheko. Baba hakucheka. Alikuwa ananoa kisu cha kesho kwenye jiwe, anasubiri.

Shangazi akachuma jani la pili, akanipa mimi. "Haya, nenda mwenyewe."

Nikaenda. Nikapiga magoti mbele ya benchi, nikalishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimetunga maneno tangu Dar es Salaam, hata neno moja halikutoka. Nikasema tu, "Baba, mama." Akaweka kisu chini. Akalichukua jani, akalitazama pande zote kama anayekagua noti, akalikunja, akalitia mfuko wa shati. Kimya. Kisha akainua sauti kumwelekea mtoto aliyekuwa mbali kule anafukuza kuku:

"Wajina! Mwambie baba yako ainuke, hapo chini kuna unyevu."

Nikainuka.

Krismasi yenyewe ilikuwa fujo, na kwa fujo ile nalipia nauli tena hata kesho. Kanisani watu walijaa mpaka nje, watoto walisema mashairi yao, mmoja akasahau katikati akalia na akapigiwa makofi kuliko waliokumbuka. Mtoto wetu alikaa mabegani kwangu. Baada ya ibada ukaja mnada wa mazao yaliyoletwa sadaka: majogoo, mayai, maziwa, mikungu ya ndizi. Kila mnadishaji akipaza sauti, mtoto alirusha mikono juu kwa furaha. Nilichelewa kuelewa.

"Elfu thelathini, yule mgeni wa Ujerumani! Elfu thelathini na tano, kaongeza! Mwenyewe kajizidi!"

Watu walivunjika mbavu. Kwa shilingi elfu arobaini tukapata mkungu mmoja wa ndizi, ambao niliubeba begani kwa nusu saa, nikipita katikati ya migomba ya jirani, kisha katikati ya migomba yetu, hadi kwa baba chini ya mparachichi. Aliutazama mkungu. Akatazama migomba yake.

"Wajina, waulize hawa kama kule Ujerumani ndizi zimekwisha."

Mbuzi alichinjwa nyuma ya nyumba. Kila kipande kina mwenyewe na ugomvi wake, na wajomba wawili waligombania kipande kimoja kwa sheria nisizozikumbuka. Mke wangu aliletewa kisusio, supu ya mbuzi. Akatazama bakuli, akatazama mimi, akauliza kwa sauti ndogo kama ndani yake kuna damu. Nikamwambia ndiyo. Akanywa yote, akaomba ndimu, na tangu hapo shangazi humwita mwanangu, mimi huniita we kijana. Mtoto alikula mtori asubuhi, mchana na jioni. Kata ya mbege ilipozunguka, mzee mmoja alichovya kidole akampaka mdomoni. Mama yake akakaza macho, mtoto akaramba akataka tena. Siku hiyo pia alijifunza Kichagga. Wazee walimsalimia "shimboni?" wakamfundisha kujibu "shicha", na sasa hata ukimuuliza anataka maji au maziwa anajibu shicha.

Nilimletea baba koti la baridi, lile jepesi la manyoya, pesa ya likizo yangu nzima. Siku tuliyofika aliliacha sebuleni kwenye mfuko wake. Krismasi likawa bado pale, limekaliwa na paka. Sikusema kitu.

Tarehe 27 nilishtuka saa kumi na moja alfajiri, mlango unagongwa mara mbili na miguu inaondoka. Nje giza, ukungu mpaka magotini. Mvua za vuli zilikuwa zimekatika mapema, na siku ile ilikuwa zamu yetu ya maji ya mfongo, maana mfereji ni wa ukoo na ukoo na ukichelewa wenzako wa chini wanayachukua. Kazi hiyo nilikuwa nikiifanya na baba tangu darasa la tatu. Nikavaa ndala, nikashuka kwa kufuata sauti ya maji.

Nilimkuta mfongoni ameinama, anatoa majani yaliyoziba. Alikuwa amevaa koti, zipu imepandishwa hadi kidevuni, karatasi ya bei inaning'inia kwapani. Wajina wake alikuwa bado amelala, hapakuwa na wa kupitishia maneno. Akageuka, akanitazama mikono.

"Jembe umeliacha wapi?"