Kenenisa Bekele, nyika na kile kigimbi

Wengi wakimtaja Kenenisa Bekele, mkimbiaji wa Ethiopia, huanza na Olimpiki ya Beijing au marathoni ya Berlin. Mimi huanza na mbio za nyika. Ubora wake wa uwanjani na barabarani ulitoka kwenye matope na vilima, na hata udhaifu wake ulianza kuonekana huko huko.

Alizaliwa mwaka 1982 Bekoji, mji mdogo wa eneo la Arsi, Ethiopia, ulio karibu mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, mji uleule uliowatoa mabingwa wa Olimpiki Derartu Tulu na Tirunesh Dibaba. Mwinuko peke yake hautengenezi bingwa. Miji ya juu iko mingi Afrika Mashariki na haina medali. Bekoji palikuwa na mwalimu, Sentayehu Eshetu, na palikuwa na msitu. Waethiopia hukimbia msituni kwa mstari mmoja, nyuma ya kiongozi anayepinda kati ya miti. Ardhi ni laini lakini haiko sawa, kwa hiyo kifundo cha mguu hujirekebisha kila hatua, na anayefuata hujifunza kubadili mwendo ghafla bila kupoteza pumzi. Mkimbiaji aliyelelewa hivyo akifika kwenye mbio za nyika yuko nyumbani.

Kuanzia 2002 hadi 2006 Kenenisa alishinda Mashindano ya Dunia ya Nyika mara mbili kila mwaka: mbio fupi za kilomita 4 na ndefu za kilomita 12, ndani ya siku mbili zinazofuatana. Tuangalie hilo kwa makini. Kilomita 4 ni mbio za kasi, misuli inabaki migumu usiku kucha. Kesho yake unapanga mstari na watu waliojitunza kwa ajili ya mbio moja tu, na wote wanajua umechoka. Mwaka 2005 alifanya hivyo Saint-Étienne miezi miwili na nusu tu baada ya mchumba wake, Alem Techale, kufariki wakiwa mazoezini pamoja. Kwangu mimi hakuna ushindi wake mwingine unaoufikia huo. Mbio fupi zilifutwa baada ya 2006, kwa hiyo hesabu ile haitarudiwa na yeyote.

Kisha mashindano hayo yakaja Mombasa, tarehe 24 Machi 2007. Wanaoishi Pwani wanalijua joto la Machi. Jasho hupoza mwili linapokauka; penye unyevu mwingi linatiririka tu. Moyo unalazimika kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja, na mtu anayesukuma kasi mbele hulipa kuliko aliyejificha kundini. Kenenisa alijitoa kwenye mzunguko wa mwisho na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua dhahabu. Si kwamba alikuwa dhaifu kuliko Tadese mwaka ule, joto lilichagua. Mwaka uliofuata, Edinburgh, kiatu kilimvuka mapema kwenye msongamano, akasimama akakivaa, akalifikia kundi na kushinda. Hapo alifikisha mataji 11 ya dunia ya nyika ya mtu binafsi, ngazi ya wakubwa.

Uwanjani silaha yake ilikuwa mzunguko wa mwisho, lakini mzunguko huo ulitegemea kazi ya mwanzo. Rekodi yake ya mita 5,000, 12:37.35 huko Hengelo mwaka 2004, ni wastani wa sekunde 60.6 kwa kila mzunguko wa mita 400. Ile ya mita 10,000, 26:17.53 huko Brussels mwaka 2005, ni sekunde 63.1, mizunguko 25. Anayeweza mwendo huo kwa dakika 26 akikimbia fainali ya dakika 27 anakuwa hajagusa akiba. Ndiyo maana Beijing 2008 aliweza kumaliza mzunguko wa mwisho wa mita 10,000 chini ya sekunde 54. Siku sita baadaye, kwenye mita 5,000, hakusubiri kengele ya mzunguko wa mwisho. Alianza kuongeza kasi mapema, akawatoa waliotegemea mbio za mwishoni, akamaliza 12:57.82, rekodi ya Olimpiki. Eliud Kipchoge alikuwa wa pili. Rekodi zote mbili za dunia zilidumu hadi 2020, Joshua Cheptegei wa Uganda alipozivunja.

Mapema 2010 kigimbi chake, ule msuli wa nyuma ya mguu chini ya goti, kilichanika. Hapa ndipo ninapodhani watu hawaelewi maisha yake yaliyobaki. Msuli uliochanika hupona kwa kovu, na kovu halivutiki kama nyama ya awali. Kukimbia mzunguko kwa sekunde 54 ni kukanyaga kwa ncha ya mguu, kisigino kikiwa juu, ndani ya viatu vya misumari visivyo na mto. Mzigo wote unakwenda kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Mwendo wa kati anauweza, ule wa mwisho unamkataa. London 2012 akawa wa nne kwenye mita 10,000, nyuma ya mdogo wake Tariku aliyepata shaba.

Akahamia marathoni. Paris 2014 alishinda mara ya kwanza tu alipojaribu, 2:05:04. Lakini marathoni ina hatua zaidi ya elfu 20, kila moja ikigonga kovu lilelile, na mtu akianza kujilinda upande mmoja anaumiza upande mwingine. Dubai 2015 hakumaliza. Dubai 2017 alianguka pale pale mwanzoni na baadaye akajitoa. Berlin 2017 hakumaliza pia. Katikati ya hayo yote, Berlin 2016, alishinda kwa 2:03:03. Na Berlin 2019, baada ya kuachwa na wenzake karibu na kilomita ya 31, alirudi, akawapita, akamaliza 2:01:41. Ni karibu dakika 2 na sekunde 53 kila kilomita, sekunde 2 tu nje ya rekodi ya dunia ya Kipchoge ya wakati huo. Kuachwa na kurudi baada ya kilomita 30, sukari ya mwilini inapokaribia kuisha, ni jambo adimu mno. Wengi wakiachwa hapo huendelea kuachwa. Naona nyika ndani yake: mtoto wa msitu hakurupuki kuziba pengo, analipunguza kidogo kidogo.

London 2024, akiwa na miaka 41, alikuwa wa pili kwa 2:04:15, na Ethiopia ikamchukua Olimpiki ya Paris. Njia ya Paris ilikuwa na vilima vikali, na miteremko yake ilipasua mapaja kuliko kupanda. Kenenisa alimaliza wa 39, 2:12:24. Dhahabu ilichukuliwa na Mwethiopia mwenzake, Tamirat Tola, aliyeingia kikosini kama mchezaji wa akiba baada ya Sisay Lemma kuumia.