Maji ya samaki yamemwagika kwenye gari? Weka pafyumu pembeni kwanza

Jamani tuongee kuhusu harufu ndani ya magari maana naona watu wanahangaika na wengine wanajidhuru kabisa. Mtu katoka soko la samaki la Feri na samaki wake, ndoo ikapinduka kwenye kona, yale maji yenye barafu na damu yakashuka kwenye kapeti, kesho yake gari linashinda juani vioo vimefungwa, jioni ukifungua mlango unarudi nyuma. Hapo wengi wanakimbilia pafyumu ya kuning'iniza kwenye kioo, na matokeo yake unakuwa na harufu mbili badala ya moja, na watoto huko nyuma wanataka kutapika.

Harufu inakaa kwenye ile sponji nzito iliyo chini ya kapeti. Ikishakunywa maji ya samaki, kusugua juu tu haisaidii, lazima kapeti liinuliwe. Ile plastiki ya mlangoni unayoikanyaga ukiingia huwa inabanduka kwa mkono taratibu, ukiitoa unaweza kuinua kapeti ukaona kulivyo chini. Ila ukiona chini ya siti ya mbele kuna waya zenye soketi ya njano usiziguse wala usizimwagie maji, hizo mara nyingi ni za eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea, kama siti inabidi itoke mwachie fundi umeme.

Sasa kwa samaki dawa ni siki nyeupe, au ndimu. Mama zetu wanakamulia samaki ndimu na kuna sababu, ile shombo ina asili ya magadi na kitu kichachu kinaituliza isiruke hewani. Changanya siki kikombe kimoja na maji viwili, loweka pale palipomwagika, acha kama nusu saa, kisha kandamiza na taulo kavu mpaka taulo lisitoe unyevu tena, halafu suuza na maji ya baridi yenye sabuni kidogo. Maji ya moto hapana, yanagandisha damu na maziwa kwenye nyuzi. Baada ya hapo milango wazi, jua na upepo, na kwa unyevu wa Dar usishangae ikichukua siku mbili, usirudishe kapeti kabla sponji haijakauka maana utapata uvundo mwingine mpya. Ikishakauka ndo unanyunyiza beking soda, inalala usiku kucha, asubuhi unaifyonza. Beking soda ile ya keki, sio magadi ya kulainishia maharage, yale ni makali na yatazidi kuamsha shombo.

Naomba hapa mnisikilize vizuri. Usichanganye jiki na siki, hata kidogo. Inatoka gesi ya klorini, na ndani ya gari hakuna pa kukimbilia. Na mtoto akikojoa kwenye siti usimwagie jiki, mkojo nao ukikutana na jiki unatoa hewa inayochoma macho na kifua, tumia siki peke yake au sabuni. Zile naftalini nyeupe za kabatini ambazo watu wanatupia chini ya siti zitoeni leo, joto linazifanya ziyeyuke hewani, na kuna watoto waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, huku kwetu kwenye malaria sio wachache, hewa hiyo inaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu. Na ndugu zangu wa pwani, udi naupenda kama nyie, lakini chetezo chenye makaa ya moto hakiingii ndani ya gari lililofungwa, makaa yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua. Kikuba cha asumini kinatosha kabisa.

Kuna ile harufu ya uvundo inayokuja ukiwasha tu AC. Hiyo mara nyingi ni filta ya hewa ya AC, kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya kidroo cha dashibodi upande wa abiria, unabana pembeni kidroo kinashuka, unaivuta. Nyingi zinazotoka humo ni nyeusi na zina majani ndani. Weka mpya, na kila ukikaribia kufika zima AC uache feni dakika chache ili ndani ya AC pakauke. Kapeti la abiria likiwa linalowa bila kumwagikiwa na kitu, mara nyingi bomba la kutoa maji ya AC limeziba, mwambie fundi alizibue.

Na kama unachosikia ni petroli, au moshi wa egzosi unaingia ndani, acha kusafisha. Fungua vioo, usiwashe kiberiti, gari liende kwa fundi siku hiyohiyo.