Nilivyofundisha haidroliki kwa mabomba ya sindano

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wanafunzi wangu wa kidato cha pili hapa Mwanza hawaishi kulizungumzia. Msichana mmoja wa Sengerema aliniuliza vyombo vingepitaje ziwani iwapo daraja lingejengwa chini, karibu na uso wa maji. Nikawaeleza Tower Bridge ya London, iliyofunguliwa mwaka 1894, ambayo sehemu zake mbili za barabara huinuliwa kwa haidroliki, yaani nguvu ya kimiminika kinachosukumwa: zamani kwa maji yaliyosukumwa na mashine za mvuke, siku hizi kwa mafuta na umeme. Tukakubaliana kutengeneza letu.

Dukani kwa dawa nilinunua mabomba mapya ya sindano, bila sindano zenyewe, ya mililita 5 na 20, pamoja na mipira ya dripu ya kuunganisha bomba dogo na kubwa. Mbao tulizitoa kwenye maboksi ya nyanya. Viungio vilivuja hadi kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, alipoleta uzi wa nyavu kutoka soko la samaki la Mwaloni na kuvikaza kwa fundo ambalo hadi leo sijaweza kuliiga.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Nilijaza maji bila kuondoa hewa, hivyo tuliposukuma bomba dogo hadi mwisho, daraja lilitikisika kidogo tu likatulia. Maji hayabanwi kwa urahisi, lakini hewa hubanwa, na nguvu yetu yote ilikuwa ikiishia kwenye viputo. Tulijaza upya mabomba na mpira vikiwa vimezama ndani ya beseni, na safari hii daraja liliitika papo hapo.

Nilipouliza kani, yaani nguvu ya kusukuma, ingeongezeka mara ngapi kutoka bomba dogo hadi kubwa, karibu wote walijibu mara nne, kwa sababu 20 kugawanya kwa 5 ni 4. Sikuwasahihisha, niliwapa rula. Pistoni ndogo ilikuwa na kipenyo cha milimita 12 hivi, na kubwa milimita 20. Kwa kuwa kanieneo, yaani kani kwa kila kipande cha eneo, ni ileile pande zote mbili na eneo hufuata mraba wa kipenyo, tuligawanya 400 kwa 144, tukapata mara 2.8 hivi, kabla ya kutoa kinachopotea kwa msuguano wa raba. Gharama yake waliiona kwa macho: pistoni ndogo ilisafiri mbali, kubwa ikasogea kidogo tu.

Ubishi mkali zaidi ulihusu mahali pa kuweka bomba kubwa. Karibu na bawaba, daraja lilipanda juu sana lakini lilidai nguvu nyingi. Mbali nayo, lilikuwa jepesi ila halikuinuka vya kutosha. Kundi moja lilichagua kubaki karibu na bawaba, likafunga kopo la kokoto kwenye mkia wa daraja, nyuma ya bawaba, liwe uzito wa kusawazisha, kama ilivyo kule London. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi iliyokuwa bora kuliko zote. Daraja lao liliinuka na pakiti ya chumvi ya gramu 500 mgongoni, hadi pakiti ilipoteleza na kuanguka, nao wakakimbilia kipimapembe.