Saa nane ya mzee

Kadi ile ninayo mpaka leo. Karatasi ngumu, imekunjwa mara mbili, na juu yake kwa mwandiko wangu mwenyewe pameandikwa: Takrolimusi mg 4, 8:00 – 8:00. Niliiandika siku ya ruhusa, wodi imejaa, sikioni nimebana simu naongea na mtu wa bima, na mgonjwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda kavaa shati lake la kwendea nyumbani.

Mimi ni muuguzi, mratibu wa wagonjwa wa kupandikizwa figo katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Watu wakisikia hivyo hudhani nashinda chumba cha upasuaji. Kule naingia mara chache mno. Kazi yangu ni simu, daftari na viti vya plastiki ambavyo ukoo mzima hukalia ukisubiri kuambiwa figo itatoka kwa nani. Miaka si mingi iliyopita, Mtanzania aliyehitaji figo alifunga safari ya India. Muhimbili walipandikiza ya kwanza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma wakafuata 2018. Upasuaji ulipohamia nyumbani, na yale yote yanayokuja kabla na baada yake yalihamia nyumbani pia, na mengi yake yakaangukia kwenye meza kama yangu.

Kwetu figo inatoka kwa ndugu aliye hai. Kwa hiyo nafahamiana na familia kabla sijafahamiana na mgonjwa vizuri. Kuna kundi la damu, kuna kulinganisha tishu, kuna kuchanganya damu ya mgonjwa na chembe za ndugu yake kuona kama zitashambuliana. Hayo maabara wanayaweza. Ugumu uko kwenye swali la "Je, umeridhia?" Ukimuuliza kijana mbele ya kaka zake na shangazi, atasema ameridhia, tena kwa sauti. Nilipokuwa mgeni nilikuwa naandika "ameridhia" na kuendelea na kazi. Siku hizi namtoa nje peke yake, tunakaa kwenye benchi chini ya mti, namuuliza: "Ukirudi kijijini hujatoa, nani hatakusemesha?" Akianza kutaja majina najua bado hatujafika. Na asiyetaka hatumwaniki. Familia inaambiwa tu kwamba daktari amemwona hafai kutoa, basi, maelezo mengine ni siri yake.

Nilidhani somo hilo la namna ya kuuliza nimeshalielewa. Ndipo akaja mzee wa kadi.

Alikuwa fundi cherehani kutoka Kusini. Damu yake ilikuwa ikisafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na kwa ajili hiyo alikuwa amehamia kwa mwanawe Mbagala. Figo alipewa na mdogo wake wa kike. Upasuaji ulienda vizuri, mkojo ukatoka siku ileile, na kreatinini, uchafu wa damu ambao figo nzima huutoa, ikashuka mpaka 112. Hiyo ni namba ya kumfanya daktari atabasamu. Wodini dawa tulikuwa tunampa sisi, na chai ya asubuhi, kisha tena usiku. Akaruhusiwa na kadi yangu mfukoni.

Takrolimusi ndiyo inayouzuia mwili usiishambulie figo ya mtu mwingine. Ikizidi inaumiza figo yenyewe, ikipungua mwili unaamka. Ndiyo maana tunapima kiwango chake kwenye damu, na damu hiyo inachukuliwa pale dawa ilipo chini kabisa, saa kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho, kabla ya kumeza nyingine. Siku ya kliniki mgonjwa anakuja bila kumeza, anatolewa damu, kisha anameza palepale mbele yetu. Katika miezi ya mwanzo tunataka isome kati ya 8 na 12.

Kliniki ya kwanza ya mzee, nikamuuliza kama ninavyowauliza wote: "Baba, dawa ya asubuhi umemeza?"

"Sijameza, sista. Ulinikataza."

Ikasoma 14. Daktari akapunguza dozi kutoka miligramu 4 hadi 3. Kliniki iliyofuata swali lilelile, jibu lilelile, kipimo kikasoma 10. Pazuri kabisa. Ila kreatinini ilikuwa imepanda hadi 131. Wiki moja baadaye ikawa 164.

Hapo tukaanza kupekua. Anakunywa maji? Anakunywa, tena ana chupa anayopimia. Ultrasaundi haikuonyesha mkojo kuziba popote. Nikamuuliza kuhusu mitishamba, kuhusu balungi, kuhusu erithromaisini ya kununua dukani ukikohoa, maana hizo zote zina historia ya kutuvurugia takrolimusi. Akaniangalia kama niliyemtukana. "Sista, hii figo ni ya mdogo wangu. Naichezeaje?" Na kweli, katika wagonjwa wangu wote sikuwa na mtiifu kama yeye. Uzito wake alikuwa anauandika kila siku kwenye daftari la vipimo vya nguo, katikati ya kiuno cha bibi harusi na urefu wa kanzu ya mtu.

Jioni nikapiga simu kumkumbusha tarehe ya kliniki. Akapokea mkwewe. Tukasalimiana, akasema baba yuko msikitini, ujumbe atampa. Halafu, kwa ile sauti ya mtu anayeshtaki huku anacheka:

"Sista, na wewe tusaidie. Mwambie hiyo simu yake aipunguze sauti. Saa nane usiku inalia kama king'ora, mtoto anaamka, nyumba nzima tunaamka."

"Inalilia nini saa nane usiku?"

"Si dawa zenu?"

Nikakaa. Nikamwomba aniletee ile kadi anisomee. Akasoma alichokiona: "Nane kamili, nane kamili."

Mzee alikuwa akimeza saa nane mchana na saa nane usiku, wiki zote hizo, bila kukosa hata dozi moja. Mjukuu ndiye aliyemwekea kengele kwenye simu. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakushangaa, na wodini tulikuwa tunampa asubuhi, alinijibu kwa upole ulioniuma kuliko angenigombeza: "Nilijua ya wodini ni ya wodini, na ya nyumbani ina utaratibu wake. Wewe si ndiye uliyeandika?"

Wauguzi wote tunasema "saa mbili". Hakuna hata mmoja kati yetu anayemwambia mgonjwa kwa mdomo ameze "saa nane" akimaanisha asubuhi. Lakini kalamu ikishikwa inaandika 8:00, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa chuoni na ndivyo chati zilivyo. Macho yetu yanaona nane, mdomo unasema mbili, na hatujui tena kwamba tunatafsiri. Mzee hakutafsiri.

Sasa piga hesabu. Kameza saa nane usiku, tunamtoa damu saa mbili asubuhi. Zimepita saa sita badala ya kumi na mbili, dawa bado iko juu. Ile 14 iliyotutisha huenda haikuwa na tatizo lolote. Tulipunguza dawa ya mtu ambaye dawa yake ilikuwa inamtosha, kisha tukafurahia 10 ambayo nayo haikuwa ya kweli. Na "sijameza dawa ya asubuhi" lilikuwa jibu la kweli kwa asilimia mia. Hakuwa na dawa ya asubuhi.

Nilimpigia daktari usiku uleule, nikamwambia na kadi ni mwandiko wa nani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mlete kesho saa saba mchana, kabla hajameza." Ikasoma 5.8. Akalazwa, kipande cha figo kikachukuliwa kwa sindano, na majibu yakasema mwili umeanza kuikataa. Akapewa methilipredinisoloni, dawa kali ya kutuliza kinga ya mwili, kwa dripu siku tatu, takrolimusi ikarudishwa miligramu 4, na akiwa wodini tukamhamishia kwenye saa mbili na saa mbili. Kreatinini iliteremka pole pole hadi 121, ikakaa hapo. Ile 112 hatukuiona tena. Mdogo wake alikuja kunisalimia na korosho za kwao, na nilizipokea nikiwa sijui niangalie wapi, ingawa yote nilikuwa nimeshawaeleza wote wawili.

Kadi nilizibadilisha wiki hiyo. Sasa ina jua na ina mwezi, na pembeni maneno matupu: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Wenzangu wawili walisema inafanana na kitabu cha chekechea. Sawa tu. Siku ya ruhusa mgonjwa ndiye anayenieleza mimi, sio mimi ninayemweleza yeye: ataamka, atakula nini, atameza kidonge kipi, nje kutakuwaje, giza au mwanga. Wenye televisheni nawaambia dozi ya usiku ni ile taarifa ya habari ya saa mbili inapoanza. Halafu naomba simu yake niione kengele kwa macho yangu. Hapo peke yake nimeshakamata wawili waliowekewa vibaya na watoto wao.

Na kliniki siulizi tena "umemeza?" Nauliza "mara ya mwisho umemeza ukiwa unafanya nini?" Mmoja ataniambia alikuwa anafunga duka, mwingine anamsubiri mumewe. Saa hiyo naiandika kwenye fomu ya maabara, kando ya saa ya kutolewa damu, na daktari asipoiona hapo anarudisha fomu. Hilo la kurudisha nililiomba mwenyewe, na limeshanirudia mara tatu nikiwa na haraka zangu.

Mzee bado ni mgonjwa wangu. Mkwewe anasema simu imenyamaza lakini baba mwenyewe bado anaamka saa nane usiku, mwili umezoea. Nikamuuliza anafanya nini muda huo.

"Naswali," akasema. "Halafu nakunywa maji, nalala."

Nikamuuliza maji kiasi gani, nikaandika.