Ninavyoichuja benki ya kidijitali Marekani

Kabla ya kutazama riba, kadi au zawadi ya kujiunga, mimi hushuka hadi chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi madogo. Hapo ndipo unapojua kama hao ni benki kamili au ni kampuni ya teknolojia inayotumia benki nyingine. Chime, kwa mfano, huduma zake za kibenki zimekuwa zikitolewa na The Bancorp Bank na Stride Bank. Hakuna ubaya, mradi jina la benki liwe wazi. Nalichukua jina hilo, nalitafuta kwenye BankFind, orodha ya mtandaoni ya FDIC (shirika la serikali ya Marekani linalokatia bima amana za benki) ambayo yeyote anaweza kuifungua. Lisipokuwemo, naishia hapo.

Bima ya FDIC ni hadi dola 250,000 kwa kila mwenye amana, kwa kila benki, kwa kila aina ya umiliki wa akaunti. Inafanya kazi benki ikianguka. Akianguka mtu wa kati, ni habari nyingine. Mwaka 2024 kampuni ya Synapse, iliyounganisha programu za fedha na benki, ilifilisika. Vitabu vyake havikulingana na vya benki, wateja wakafungiwa pesa zao, na pengo likakadiriwa kuwa kati ya dola milioni 65 na 96. Kwa hiyo huuliza huduma kwa wateja waziwazi: nani anatunza hesabu ya salio langu, ninyi au benki? Jibu la kuzungukazunguka linanitosha kuondoka. Na hata nikiridhika, kila mwezi napakua taarifa ya akaunti na kuihifadhi nje ya programu yao.

Kupata mshahara siku 2 mapema ndicho kivutio kikubwa kwa wengi. Mwajiri hutuma faili la malipo kupitia ACH, mfumo wa kuhamisha pesa kati ya benki za Marekani, kabla ya siku ya mshahara, na benki hizi huingiza pesa faili linapofika badala ya kusubiri tarehe yenyewe. Mwajiri akichelewa kulituma, hakuna cha mapema. Malipo ya kodi ya nyumba yapangie tarehe halisi ya mshahara.

Kutoa pesa si shida sana: mtandao wa Allpoint una mashine za kutolea pesa (ATM) zaidi ya 55,000, na benki nyingi za aina hii huutumia bila makato. Kuweka taslimu ndiko kunakosumbua, kwa sababu tawi hakuna. Unakwenda kwa keshia wa duka, na baadhi ya huduma hukata karibu dola 5 kila mara. Anayeishi kwa bakshishi alitazame hili kabla ya riba.

Hundi hupigwa picha kwa simu. Saini nyuma, ongeza maneno ambayo benki inayataka, iweke juu ya meza ya rangi nyeusi, pembe zote 4 zionekane. Kinachoifanya ikataliwe mara nyingi ni kivuli cha mkono au saini iliyosahaulika. Usiichane mpaka pesa ziingie na zithibitike.

Halafu wizi. Lazima kuwe na kitufe cha kufunga kadi papo hapo na namba ya simu inayopokelewa na binadamu. Mimi huipiga usiku kabla ya kufungua akaunti. Sheria inahesabu siku: kadi ikipotea na ukaripoti ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa, inaweza kufika 500. Ukipitisha siku 60 tangu upelekewe taarifa ya akaunti yenye muamala huo, yanayoibwa baada ya hapo huenda yakawa yako yote. Pesa ulizomtumia tapeli wewe mwenyewe kwa Zelle, huduma ya kutumiana pesa papo hapo kati ya akaunti za benki, ni ngumu zaidi kurudi.

Kwa tunaotuma nyumbani, akaunti ina faida nyingine. Tangu Januari 1, 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje kwa taslimu. Zinazotoka kwenye akaunti ya benki au kadi iliyotolewa Marekani hazikatwi. Kagua jina na namba ya M-Pesa mara tu unapotuma: kwa kawaida una dakika 30 za kughairi, ikiwa mpokeaji hajazipokea.